MAISHA YA DAKTARI PERCY JULIAN NA HARAGWE LA SUMU

Mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wengi walidhani nitamchagua Elijah Masinde, kwa kuwa mimi ni wa Bungoma. Kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kuandika juu yake. Lakini mambo yaliyotokea nyumbani wakati wa likizo yalinifanya nibadili nia, nikamchagua mwanakemia mmoja wa Marekani ambaye hakuwahi kulisikia hata jina la Kitale. Kuweni na subira, mtaona sababu.

Kwetu ni upande wa Kimilili. Ukipanda matatu hapa Kitale unapita Kiminini, halafu Kamukuywa, na kabla hujamaliza hindi lako la kuchoma umeshafika. Nyumbani yuko kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba. Kukhu aliuza ndizi katika soko la Chwele kwa miaka mingi. Hakuwa na daftari wala kalamu, hesabu zote zilikaa kichwani. Alijua nani anadaiwa shilingi ngapi na tangu siku gani, na hakuna aliyethubutu kumdanganya.

Basi likizo hiyo nilimkuta amebadilika. Alitia chumvi katika chai, kisha akatia tena. Alienda kuchota maji mtoni, njia aliyoizoea tangu alipoolewa, akaletwa nyumbani na watoto wa jirani kwa kuwa alipotea. Aliuliza kuka atarudi lini, na kuka alifariki kabla mimi sijazaliwa. Jioni moja alinitazama kwa muda mrefu, akaniita kwa jina la dada yake marehemu. Jamani, nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala.

Majirani walikuwa na jibu tayari, ati amerogwa. Senge, yaani shangazi yangu, alishaulizia bei ya mbuzi wa kumpelekea mganga. Wengine walinong'ona kuwa mama ndiye aliyemroga, maanake ndiye anayempikia. Ndugu msomaji, neno kama hilo likianza kutembea kijijini linaweza kuvunja nyumba. Mama hakujibu. Alimvalisha kukhu kitambaa chake cha kanisani wakaenda hospitali mjini Bungoma, nami nikawafuata.

Daktari alimpima damu ili kuona kama kuna jambo jingine linalosababisha kusahau. Akamwuliza maswali mengi ya siku, miezi na majina. Siku tuliyorudi alitueleza kuwa kukhu hakurogwa, ila yaelekea ana ugonjwa wa Alzheimer, unaoziharibu seli za ubongo kidogo kidogo. Alituambia pia kuwa huo si uzee wa kawaida. Akaandika dawa, na hakutuficha kwamba dawa hiyo haiponyi, husaidia tu kwa kiasi na kwa muda.

Ndani ya boksi la dawa mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Niliisoma ndani ya matatu nikirudi shuleni. Ilisema kuwa dawa hiyo, rivastigmini, hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya fulani. Nilimpelekea mwalimu wetu wa kemia. Aliisoma, akatabasamu, akaniambia kuwa katika ukoo wa dawa hiyo kuna haragwe la sumu kutoka Afrika Magharibi, na kwamba nikitaka kuuelewa ukoo huo niyasome maisha ya Percy Julian. Nikayasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

UTOTO NA MASOMO YAKE

Percy Lavon Julian alizaliwa tarehe 11 Aprili 1899 katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa karani wa posta katika reli na mama yake alikuwa mwalimu. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto 6. Babu yake alizaliwa mtumwa, na katika familia yao ilisimuliwa kuwa mzee huyo alikatwa vidole viwili kwa kosa la kujifunza kuandika. Hebu fikiri, sisi tunaogopa kutumwa nje kwa kutomaliza insha!

Wakati huo watoto weusi wa Montgomery hawakuwa na shule ya sekondari ya kuwatayarisha kwa chuo kikuu. Hata hivyo, mwaka 1916 Julian alikubaliwa katika Chuo Kikuu cha DePauw, kilichoko Greencastle, jimbo la Indiana. Mchana alisoma masomo ya chuo, na jioni alisoma masomo ya sekondari aliyoyakosa kwao. Hakuruhusiwa kulala mabwenini pamoja na wenzake Wazungu. Hatimaye alipata kilalio darini katika nyumba ya wanafunzi, na kodi yake ilikuwa kuwaandalia meza wenye nyumba na kuchochea moto wa tanuri. Mwaka 1920 matokeo yalipotangazwa, kijana wa darini ndiye aliyeongoza darasa zima.

Nani asingedhani kuwa milango yote itafunguka? Kumbe wapi. Alifundisha katika Chuo cha Fisk, kisha akaenda Harvard na kupata shahada ya pili mwaka 1923. Kazi ya ufundishaji msaidizi, ambayo ingemwezesha kuendelea na udaktari, alinyimwa kwa hofu kuwa wanafunzi Wazungu wasingekubali kufundishwa na mtu mweusi. Akarudi kufundisha katika vyuo vya watu weusi. Mwaka 1929 alipata ufadhili wa kwenda Vienna, nchini Austria, kwa Profesa Ernst Späth, bingwa wa kemikali za mimea. Huko alipata shahada ya udaktari mwaka 1931.

HARAGWE LA CALABAR

Sasa tuliache kidogo jina la Julian tulitazame haragwe lenyewe. Katika eneo la Calabar, Nigeria ya leo, humea mtambaazi mmoja wenye mbegu kubwa za rangi ya kahawia. Zamani miongoni mwa Waefik, mtu akishukiwa kuwa ni mchawi alilishwa mbegu hizo. Akifa, ilisemekana kuwa alikuwa na hatia. Akitapika na kupona, aliachiliwa. Niliposoma hapo nilisimama kwanza, nikamkumbuka mama yangu na minong'ono ya kijijini.

Wamisionari walizipeleka mbegu hizo Scotland. Mwaka 1855 Profesa Robert Christison wa Edinburgh alikula kipande mwenyewe ili aone kitakachotokea, akaponea chupuchupu. Mwaka 1864 wanakemia wa Ujerumani waliitoa sumu yenyewe ikiwa safi, nayo huitwa fisostigmini. Baadaye madaktari waligundua kuwa tone lake dogo hupunguza presha ya macho, ugonjwa unaopofusha watu wengi. Kwa hiyo sumu ikawa dawa, lakini ilipatikana katika haragwe hilo tu.

Inafanyaje kazi? Mwalimu wetu alinieleza kwa mfano wa ubao, nami nawapa mfano huo huo. Seli za neva hazigusani. Kati yao kuna mwanya mdogo mno, na ujumbe huuvuka kwa kemikali. Mojawapo ya kemikali hizo ni asetilikolini. Tuseme hayo ndiyo maandishi ya mwalimu ubaoni. Kuna kimeng'enya kazi yake ni kuifuta asetilikolini mara tu ujumbe unapofika. Hicho ni kama mwanafunzi wa zamu mwenye dasta. Fisostigmini humshika mwenye dasta mkono, na maandishi yakakaa ubaoni kwa muda mrefu zaidi.

Lakini ukimshika mkono siku nzima, ubao utajaa na hakuna kitakachosomeka. Ndivyo sumu inavyoua. Misuli hutetemeka, kisha hulegea, pumzi zikakatika. Sisi wa Trans Nzoia na Bungoma tunaijua hali hii bila kujua jina lake. Mwaka juzi mjomba wangu alipiga dawa ya wadudu kwenye mahindi bila kujifunika pua wala mikono. Jioni alikuwa akitokwa na mate, jasho na machozi, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Alipona kwa kudungwa sindano ya atropini. Dawa nyingi za wadudu huua kwa kukizuia kimeng'enya hicho hicho, na kundi moja kati yake, linaloitwa kabameti, lilibuniwa kwa kuiga umbo la fisostigmini. Tafadhalini, wenzangu, waambieni wazazi wavae glavu na barakoa.

MASHINDANO NA OXFORD

Mwanakemia husema ameielewa kemikali siku anapoweza kuiunda mwenyewe maabarani, kutoka vitu vya kawaida, hatua kwa hatua. Umbo la fisostigmini lilielezwa mwaka 1925, lakini kuiunda kulikuwa jambo jingine. Kule Oxford, Uingereza, alikuwako Profesa Robert Robinson, mmoja wa wanakemia wakubwa duniani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Yeye na wasaidizi wake walikuwa mbele katika kazi hiyo.

Julian alikuwa amerudi DePauw, si kama profesa, bali kama mtafiti wa kuajiriwa kwa muda tu. Pamoja naye alikuwako rafiki aliyemleta kutoka Vienna, Josef Pikl, na wanafunzi wachache. Walifika kwenye kemikali ambayo ni hatua ya karibu na mwisho. Tatizo likawa moja. Kemikali yao haikuyeyuka katika joto lile lililotangazwa na Oxford. Mwenye makosa ni nani, profesa mashuhuri mwenye maabara kubwa au mjukuu wa watumwa asiye na cheo?

Julian aliirudia kazi na kuipima upya. Kisha akachapisha katika jarida la wanakemia wa Marekani kuwa wa Oxford ndio waliokosea. Huo ulikuwa ujasiri wa ajabu. Angekuwa amekosea yeye, nani angempa kazi tena? Kipimo cha mwisho kilikuwa rahisi kwa macho: kuweka pamoja fisostigmini iliyotoka katika haragwe na ile waliyoiunda, kuzipasha moto, na kutazama kama zitayeyuka katika joto lile lile. Zikayeyuka pamoja. Hiyo ilikuwa mwaka 1935. Mwaka huo huo, mkesha wa Krismasi, alimwoa Anna Johnson, ambaye naye baadaye alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata udaktari wa sosholojia.

Pamoja na ushindi huo, DePauw haikumpa uprofesa. Mji mmoja wa Wisconsin ulikosesha kazi yake katika chuo cha utafiti wa karatasi, kwa kuwa sheria yake haikuruhusu mtu mweusi kulala humo usiku. Mwaka 1936 kampuni ya Glidden ndiyo iliyomchukua huko Chicago, ikamfanya mkurugenzi wa utafiti wa soya.

KAZI ZAKE NYINGINE

Hapa nitapita upesi, maana kazi zake zilikuwa nyingi. Kutokana na protini ya soya ilipatikana povu la kuzimia moto lililookoa mabaharia wa Marekani katika Vita Vikuu vya Pili. Siku moja maji yalivuja katika tangi la mafuta ya soya la galoni 100,000, na chini kukawa na unga mweupe. Wengine waliona hasara. Julian aliutambua unga huo, kwa sababu aliwahi kuuona katika mafuta ya haragwe la Calabar. Ulikuwa stigmasteroli, na kutokana nao alitengeneza homoni ya projesteroni kwa wingi. Baadaye alibuni njia zilizosaidia kupunguza bei ya kotisoni, dawa ya maumivu ya viungo. Aliandikisha hataza zaidi ya 100.

Mwaka 1950 alinunua nyumba katika kitongoji cha Oak Park karibu na Chicago. Kabla familia haijahamia, watu walijaribu kuiteketeza kwa moto. Mwaka 1951 baruti ilirushwa uani, watoto wake wakiwa nyumbani. Hakuhama. Alianzisha kampuni yake mwenyewe akaajiri wanakemia weusi waliokataliwa kwingine, na mwaka 1961 akaiuza kwa zaidi ya dola milioni 2. Mwaka 1973 alichaguliwa kuingia Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, mwanakemia mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Alifariki tarehe 19 Aprili 1975, akiwa na umri wa miaka 76.

KUTOKA KWAKE HADI KWA KUKHU

Nisije nikawapotosha. Julian hakutibu ugonjwa wa Alzheimer. Ugonjwa huo ulielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906, lakini hadi Julian anakufa hakuna aliyejua upungufu wa kemikali gani unaanza kuwafanya wagonjwa wasahau. Mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, yaani 1976, watafiti wa Uingereza walichunguza bongo za wagonjwa waliofariki. Waligundua kuwa seli zinazotengeneza asetilikolini zilikuwa zimepungukiwa sana nguvu ya kazi hiyo. Kwa mfano wetu, mwalimu alikuwa amebakiwa na kipande kidogo cha chaki.

Wazo likawa hili: ikiwa maandishi ni machache na hafifu, mwenye dasta acheleweshwe. Wakaijaribu fisostigmini kwa wagonjwa. Baadhi walikumbuka maneno zaidi kidogo, lakini nguvu yake iliisha upesi, na ikiongezwa ilileta kutapika. Ndipo wanakemia wakaanza kazi ya kubuni jamaa zake: kubakiza ile sehemu inayokishika kimeng'enya na kubadilisha sehemu nyingine, ili dawa idumu, ifike ubongoni, na isisumbue mwili sana. Kila iliyobuniwa ilipimwa maabarani, kisha kwa wanyama, kisha kwa watu wazima wenye afya, na mwisho kwa wagonjwa. Wengine walipewa dawa na wengine kidonge kitupu ili ukweli ujulikane. Nyingi zilianguka njiani.

Dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa Marekani, takrini, mwaka 1993, iliumiza ini na baadaye ikaachwa. Mwaka 1996 ikaja donepezili, iliyobuniwa Japani na kundi la Hachiro Sugimoto. Rivastigmini, ile ya boksi la kukhu, ilitokana na kazi ya Profesa Marta Weinstock wa Jerusalem, aliyelichukua umbo la fisostigmini kama mwanzo wake. Iliidhinishwa Uswisi mwaka 1997 na Marekani mwaka 2000. Bila wale waliolielewa umbo la fisostigmini na kuliunda kwa mikono yao, kizazi cha pili kingeanzia wapi?

Mtaniuliza, na kukhu je? Mwanzoni alitapika, daktari akapunguza dawa, kisha akaipandisha polepole. Bado anasahau. Bado siku nyingine anamwulizia kuka. Lakini kwa sasa hapotei njiani mara kwa mara, na anavaa nguo zake mwenyewe. Daktari ametuonya kuwa hali hii haitadumu, nasi tumekubali. Mbuzi hakuchinjwa. Senge alipoelezwa habari za ubao na dasta aliuliza maswali mpaka usiku wa manane, na siku iliyofuata alimletea mama kuku. Hakusema ni wa nini, wala mama hakuuliza.

Wanachama wenzangu, wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Julian aliinama darini, akainama juu ya vioo vya maabara, akakipata cha mvunguni ambacho hata yeye hakujua kitamfaa nani. Tusiidharau kemia ati ni ngumu, wala tusiwe wepesi wa kusema fulani amerogwa. Kama nyumbani mna mzee anayesahau kupita kiasi, mpelekeni hospitali mapema, na mwiteni kwa jina lake kwa upole.

Nilipokuwa nikirudi shuleni mara ya mwisho, kukhu alinisindikiza hadi kituo cha matatu. Aliniita kwa jina langu. Kisha akamwuliza makanga nauli ya Kitale ni pesa ngapi, akasema ni nyingi mno, akamsumbua mpaka akapunguza shilingi 20.